Tumehama Twitter, Tumeenda Wapi?

Kila andishi linalokushawishi uhame X (huku kwetu bado ni Twitter, na sioni nikibadilisha) huanza na tajiri mmoja mbaya. Linakukumbusha kwamba tarehe 27 Oktoba 2022 Elon Musk alikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 44. Kama mwandishi anaijua Afrika kidogo, ataongeza ya Accra: ofisi ya kwanza ya Twitter barani, iliyotangazwa 2021 kwa mbwembwe, ambayo karibu wafanyakazi wake wote walifutwa kazi siku chache tu baada ya kuingia kwenye jengo. Halafu unafunguliwa mlango wa pili. Njoo Mastodon. Huku hakuna mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni wewe.

Nimesoma maandishi ya aina hii mengi kuliko mtu mzima anavyopaswa. Mimi huandika kwa malipo ya kipande kimoja kimoja, chuo niliacha mwaka wa pili, na kazi nyingi nilizowahi kupata zilianzia kwa mtu aliyeona nimeandika nini Twitter. Kwangu kuhama au kutohama kunagusa kodi ya nyumba. Akaunti ya Mastodon ninayo tangu Novemba 2022, na sijaifunga. Kwa hivyo leo nataka kuyasoma hayo maandishi ya kukaribisha wageni kama maandishi mengine yoyote: yanadhani msomaji wao ni nani, na yanadhani anaogopa nini?

Kwanza kitu chenyewe, kwa wale ambao hawajafika. Mastodon ilianzishwa 2016 na Mjerumani mmoja kijana, Eugen Rochko. Haina mtambo mmoja wa kati. Kuna maelfu ya seva, kila moja na msimamizi wake na sheria zake, na zote zinaongea kwa kanuni moja iitwayo ActivityPub. Ukijiandikisha kwa seva ya Berlin unaweza kumfuata mtu aliye kwa seva ya Tokyo. Ukichoka na msimamizi wako unabeba wafuasi wako unaenda kwa mwingine, ingawa ulichoandika kinabaki nyuma. Wakaribishaji hupenda kulinganisha na barua pepe. Mkenya hahitaji barua pepe kuelewa hili. ActivityPub iliidhinishwa rasmi Januari 2018, na ni mwaka huohuo ambapo huku tulianza kutuma pesa kutoka M-Pesa kwenda Airtel Money moja kwa moja, bila ile hekaheka ya kwenda kutoa kwa ajenti na kuweka upya. Kufikia 2022 mtu wa Airtel aliweza hata kulipa kwa till ya M-Pesa. Kampuni mbili, mkoba huu unaongea na ule. Hilo ndilo shirikisho, na tumeishi nalo miaka kadhaa.

Sasa niambie ni watu wangapi unaowajua walihama.

Niliuliza swali hilo Soko la Burma, pale Jogoo Road karibu na City Stadium, ambako huenda kununua matumbo wiki nikilipwa na kunusa tu wiki nyingine. Wazee husema jina lilikuja na askari wa KAR waliorudi kutoka vita vya Burma. Leo watu wakisema Burma wanamaanisha nyama. Bucha ninayemzoea ana till yake imeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani, kubwa kuliko bei ya nyama.

"Buda, kuna mtu hukulipa na Airtel?"

"Wako. Wawili, watatu kwa mwezi. Inaingia tu."

"Na wewe mbona usihamie huko, makato yakiwa chini?"

Akaendelea kukata. "Kijana, mtu akija hapa anauliza till namba ngapi. Haulizi till ya nani."

Nikamuuliza pia mbona asichukue kibanda cha barabarani kule mtaani, kodi iko chini na hakuna foleni ya mikokoteni. Akasema kule mtu anapita akienda zake, hapa mtu anatoka kwake akijua anakuja Burma. "Halafu kanjo wakinishika kule, niko pekee yangu. Wakinishika hapa, soko lote linajua kabla sijapandishwa gari."

Jibu la kwanza wanauchumi wameliandikia vitabu. La pili sijaliona katika andishi lolote la kunikaribisha Mastodon, na nadhani ndilo lenye uzito zaidi. Nitalifikia.

Tuanze na fasihi, maana hili ni jarida la fasihi na kuna mtu atalalamika. Kenyans on Twitter, yaani KOT, walitengeneza aina yao ya uandishi, na aina hiyo ilitegemea umbo la jukwaa. Machi 2012, baada ya gruneti kurushwa kwenye stendi ya mabasi Nairobi, CNN waliripoti kana kwamba nchi nzima inawaka, na #SomeoneTellCNN ikazaliwa. Julai 2015, Obama akiwa njiani kuja, CNN hao hao wakaita eneo hili kitovu cha ugaidi, na hashtegi ile ikafufuka ikiwa na meno zaidi. Mwezi uliofuata mkubwa wao mmoja, Tony Maddox, alipanda ndege akaja Nairobi kuomba radhi. Ukiangalia jinsi dhihaka ile ilivyoandikwa, utaona ni majibizano: unachukua maneno ya mtu, unayaweka chini ya yako, unageuza maana yake mbele ya umati. Ni mchongoano ule wa shuleni, na mchongoano bila mduara wa watu ni matusi tu kati ya wawili.

Mastodon kwa miaka mingi ilikataa makusudi kitufe cha kunukuu. Rochko alisema kinachochea chuki. Kilikuja mwishoni mwa 2025, na hata hapo mwenye maneno ndiye anayeamua nani anaruhusiwa kuyanukuu. Naelewa sababu, na dada yangu aliyeandamwa na wanaume mia tatu usiku mmoja kwa ajili ya picha ya nywele zake anaielewa kunishinda. Lakini ruhusa hiyo ukimpa msichana wa Umoja umempa pia CNN, na waziri. Dhihaka ya kuomba ruhusa kwanza ni kadi ya harusi.

Tena kuna desturi ya kule ya kufunika maneno. Unaweka onyo juu, "siasa" au "chakula", na msomaji anabonyeza akitaka kuona. Katika wimbi la 2022 watumiaji Weusi wa Marekani walilalamika kwamba wanaambiwa wafunike habari za ubaguzi wanaofanyiwa wao wenyewe ili wengine wasisumbuke. Mimi kitu hiki kilinichekesha kabla ya kuniudhi, kwa sababu Kiswahili kina historia ndefu ya kufunika: fumbo, jina la kanga, taarabu ambayo jirani anajua ni yeye. Tofauti ni kwamba fumbo hufunika ili liume zaidi. Onyo la Mastodon hufunika ili lisiume.

Kuna jambo moja nalisifu bila kusita. Pale unapewa herufi 500. Twitter ilitulea kwa 140, halafu 280 kuanzia Novemba 2017, na Kiswahili ni lugha ya maneno marefu. Neno moja kama "hatutawasahaulisha" linakula sehemu ya kumi na ushee ya ile 140. Nina hakika nusu ya sababu tuliandika Twitter kwa Kiingereza kilichokatwakatwa na Sheng ya herufi tatu ilikuwa nafasi. Kwenye Mastodon niliandika aya nzima ya Kiswahili na ikatosha, na viambishi vyake vyote. Walioisoma walikuwa saba. Wanne kati yao, kwa kuangalia wasifu wao, walikuwa Wajerumani wanaojifunza lugha. Karibuni sana, jamani.

Nisieleweke naitetea Twitter. Soko lile lilioza kabla ya Musk. Mwaka 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo, kupitia Mozilla Foundation, walionyesha jinsi hashtegi za kuwachafua majaji na wanaharakati zilivyokuwa zikinunuliwa hapa Kenya: vijana wanakusanywa kwenye vikundi vya WhatsApp, wanapewa maneno ya kubandika, wanalipwa kwa M-Pesa kati ya dola 10 na 15. Kwa mtu anayelipwa kwa kipande, hiyo si pesa ya kucheka. Makala ya maneno elfu mbili niliwahi kulipwa chini ya hapo, na gazeti lenyewe bado linanidai subira. Kisha 2023 Twitter ikaanza kuwagawia watu pesa za matangazo kulingana na msisimko wanaouzua, na tangu hapo kila asubuhi kuna mtu anauliza kama mwanaume anapaswa kulipia saluni. Hayo ndiyo maandishi yanayolipa.

Wanaosafisha uchafu wenyewe tunawajua. Daniel Motaung aliishtaki Meta hapa Nairobi mwaka 2022, na mwaka huohuo dunia ikajua kwamba video za vichwa kukatwa kwenye Facebook zilikuwa zikitazamwa na vijana waliokaa ofisini katika jiji hili kupitia kampuni ya Sama. Mastodon haina kiwanda kama hicho. Ina watu wa kujitolea, ambao pia huchoka. Seva moja iliyoitwa mastodon.lol, yenye watu wapatao 12,000, ilifungwa 2023 kwa sababu msimamizi wake alichoshwa na ugomvi wa watumiaji kuhusu mchezo wa video. Aliwapa miezi mitatu wahame. Uungwana, kwa kweli. Mwenye nyumba wengi huku hutoa notisi kwa kung'oa mlango.

Sasa lile jibu la pili la bucha.

Mwishoni mwa Mei 2025 Rose Njeri, mtunzi wa programu, alikamatwa Nairobi. Alikuwa ametengeneza ukurasa ambapo ukibonyeza mara moja unatuma barua pepe Bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Aliwekwa ndani wikendi nzima ya Madaraka, akashtakiwa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, na tarehe 20 Juni mahakama ikaona mashtaka hayana kosa ndani yake. Katikati ya hapo jina lake lilikuwa kila mahali. Watu walijua kituo alichopelekwa, mawakili walifika. Miezi mitano kabla, vijana waliotekwa Desemba 2024, baadhi yao baada ya kusambaza vibonzo vya Rais, walirudi makwao Januari baada ya kelele ambazo hazikunyamaza hata siku ya Krismasi. Na wako ambao kelele haikuwahi. Albert Ojwang, mwalimu, alichukuliwa kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa sababu ya maandishi kwenye X kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, na kufikia kesho yake alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi, Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Daktari wa serikali aliyeupasua mwili hakukubaliana nao.

Umati ndio ulinzi tulionao. Ni ulinzi mbovu, unamilikiwa na mtu asiyetujali, lakini unasikika hadi kwa wakili na kwa balozi. Maandishi ya kukaribisha huniambia kwamba kule hakuna algorithimu ya kukuza kelele, na yanalitaja hilo kama dawa. Kwa mtu wa Utrecht ni dawa. Kwa familia inayotafuta mtoto aliyeingizwa kwenye Subaru isiyo na namba, ukimya wenye adabu hauwasaidii.

Msomaji wa maandishi yale, basi, ni mtu anayeogopa kampuni ya matangazo. Hana sababu ya kumwogopa OCS. Hapo ndipo "mwenye nyumba ni wewe" inabadilika sauti, maana mwenye nyumba ndiye anayegongewa. Msimamizi wa seva anaona anwani ya mtandao unakotokea. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa usimbaji kutoka mwisho hadi mwisho, akitaka anausoma. Nikihamia seva ya kijana mwenzangu wa Kaloleni, nimetoka kwa tajiri mwenye jeshi la mawakili nikaenda kwa mtu mwenye laptopu na mama mwenye presha.

Haya si mambo ya kubuni, tumeyapitia kabla Mastodon haijazaliwa. Mashada lilikuwa jukwaa la Wakenya, mwenyewe Mkenya, David Kobia, akiliendesha kutoka Marekani. Baada ya uchaguzi wa 2007 lilijaa chuki za kikabila kiasi kwamba mwisho wa Januari 2008 alilifunga, akafungua mahali pengine pa watu kusema hawana kabila. Mtu mmoja, kitufe kimoja, na nadhani alifanya sawa. Tanzania, JamiiForums ilikuwa na bado ni hoja nzito kuliko zote ninazozijua juu ya kumiliki jukwaa lako. Maxence Melo alikamatwa Desemba 2016 kwa kukataa kuwapa polisi majina ya watu walioandika humo. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi: faini ya shilingi milioni 3 au mwaka mmoja jela. Miaka yote hiyo alikuwa akienda mahakamani ili mtu asiyemjua abaki bila jina. Juni 2018 jukwaa lilizimika kwa muda kwa sababu ya kanuni mpya za leseni, na Septemba 2025 likasimamishwa siku 90. Na kati ya mashtaka yake lilikuwemo la kuendesha tovuti isiyoishia na .tz.

Weka hilo kando ya seva iliyoitwa queer.af, ambayo Februari 2024 ilipoteza jina lake kwa sababu .af ni ya Afghanistan na Taliban ndio wanaishika. Mmoja anashtakiwa kwa kukwepa jina la nchi, mwingine anauawa na jina la nchi. Katika maandishi yote ya kukaribisha niliyosoma, sehemu ya kuchagua jina la seva huwa ni sentensi mbili za furaha.

Haki yao niwape. Tanzania iliifungia X Mei 2025, Uganda iliifungia Facebook Januari 2021 kuelekea uchaguzi, na kazi ilikuwa rahisi: mlango ni mmoja, unaweka kufuli moja. Seva elfu moja ni milango elfu moja. Hoja hiyo ina nguvu, na ajabu ni kwamba wakaribishaji huitaja mwishoni kabisa kama nyongeza, wakishamaliza kusifu utulivu. Wangeianza nayo ningewasikiza mapema. Badala yake, Mei 2023 programu yenyewe ya Mastodon ilianza kuwapeleka wageni wote mastodon.social wasipochagua kwingine, kwa sababu kuchagua kulikuwa kunawachanganya. Soko likaanza kurudi chini ya paa moja.

Kuna mbogi ya watu kumi na mmoja, mimi nikiwa mmoja wao, inayotaka kufungua seva ya waandishi wa Eastlands. Tunachanga shilingi 300 kila mwezi, kama chama, na kama chama kuna wawili ambao hawajalipa tangu tuanze. Tumekubaliana mambo kadhaa. Kumbukumbu za anwani zifutwe kila baada ya saa 24, kwa sababu usichokuwa nacho huwezi kulazimishwa kukitoa. Funguo zigawanywe kwa watu watatu, mmoja wao awe nje ya nchi. Wakili awekwe kwenye bajeti kabla ya nafasi ya kuhifadhi picha, na hapo mpiga picha wetu alinuna wiki mbili. Akaunti za Twitter tusizifunge, tuziache zikipiga kelele, na kule kwetu tuandike vile virefu. Mmoja wetu, ambaye ndiye pekee anayejua kweli kuendesha seva, alisikiliza yote haya akauliza kama jina lake litaonekana mahali popote kwenye usajili.

Hatukuwa na jibu. Jina la seva tumelipata, tunalipenda wote, nafasi iko wazi. Lakini .ke inaendeshwa na KeNIC hapahapa Nairobi, na .com iko chini ya sheria za Marekani. Kuna aliyependekeza ya Iceland kwa sababu alisoma mahali kwamba wako poa. Kura ni tano kwa tano na mmoja simu yake imezimwa.